Vidonge vya usingizi kwa siku chache za wiki: mwongozo kamili kwa mwenye tatizo sugu la kukosa usingizi

Mtu ambaye hajalala vizuri kwa miezi mingi kwa kawaida huambiwa mojawapo ya mambo mawili: ameze kidonge kila usiku, au asikiguse kabisa. Ipo njia nyingine ambayo madaktari wa usingizi wameitumia na kuipima kwa zaidi ya miaka 20. Ni kumeza siku kadhaa tu za wiki badala ya kila usiku. Katika mwongozo huu unameza mara moja hadi tatu kwa wiki, kwa kipindi ambacho mwisho wake unajulikana, na siku zinazobaki mwili unafundishwa upya kulala wenyewe. Mwongozo huu unaieleza njia hiyo hatua kwa hatua. Ni kwa mtu mzima mwenye daktari, au aliye tayari kumwona, kwa sababu dawa kuu zinazotajwa hapa hutolewa kwa cheti cha daktari na zinahitaji mtu anayekujua afya yako.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni hili: siku ya kidonge ichaguliwe mchana, ukiwa umetulia, kwa kalenda. Isichaguliwe saa nane usiku ukiwa unagaagaa kitandani. Wengi huamini kwamba kumeza "pale inapobidi tu" ndiyo njia salama kuliko zote. Lakini tazama kinachotokea. Usingizi hauji, wasiwasi unapanda, unameza, baada ya nusu saa wasiwasi unashuka na usingizi unakuja. Ubongo umejifunza kwamba kinachoondoa hofu ya kukesha ni kidonge. Usiku unaofuata, kuchelewa kidogo tu kusinzia kunatosha kuamsha hamu ya kukitafuta. Haipiti muda mrefu kabla mtu aliyekuwa akimeza mara moja moja hajajikuta hawezi kupanda kitandani bila kuhakikisha paketi ipo kwenye droo. Ukimeza kwa sababu leo ni Jumanne, na si kwa sababu umeshindwa kulala, uhusiano huo haupati nafasi ya kujengeka.

Utafiti unasema nini

Mwaka 2004 Michael Perlis na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti wa wiki 12 kuhusu watu wenye kukosa usingizi sugu waliopewa zolpidemu, dawa ya usingizi, na kuimeza mara 3 hadi 5 kwa wiki badala ya kila siku. Siku walizomeza walilala vizuri zaidi kuliko wenzao waliopewa kidonge kisicho na dawa. Siku ambazo hawakumeza, usingizi wao haukuharibika kuliko ulivyokuwa kabla ya kuanza, na hawakuongeza idadi ya vidonge kadiri wiki zilivyosonga. Utafiti mwingine, uliochapishwa 2008, ulifuatilia watu kwa miezi 6 wakitumia zolpidemu inayoachiliwa polepole, mara 3 hadi 7 kwa wiki, na nafuu haikupungua.

Utafiti ninaouona wa maana zaidi kwa msomaji ni wa Charles Morin na wenzake wa Quebec, Kanada, uliotoka 2009. Waliwalinganisha watu waliopata mafunzo ya usingizi peke yake na waliopata mafunzo pamoja na zolpidemu. Waliofanya vizuri kwa muda mrefu ni wale walioanza na vyote viwili kwa wiki 6, kisha wakaacha dawa na kuendelea na mafunzo. Ndiyo sababu mwongozo huu hauanzi na dawa, na hauishii kwenye dawa.

Hatua ya 1: Hakikisha unachougua ni kukosa usingizi

Daktari huita tatizo hili sugu pale mtu anapopata shida ya kusinzia, au anapoamka katikati ya usiku au mapema mno, angalau mara 3 kwa wiki kwa miezi 3 au zaidi, na mchana wake ukaharibika kwa uchovu, hasira au kusahau, ilhali nafasi ya kulala anayo. Mlinzi wa usiku anayejaribu kulala mchana katika chumba cha bati, au mama mwenye mtoto mchanga, wana shida ya kweli, lakini si hii.

Kuna magonjwa yanayojificha nyuma ya kukesha, na baadhi yake kidonge huyafanya yawe mabaya zaidi. La kwanza ni kukoroma kwa nguvu na pumzi kukatika usingizini. Mwulize unayelala naye kama huwa unanyamaza ghafla kisha unashtuka ukitafuta hewa. Dawa nyingi za usingizi hulegeza misuli na kupunguza mwitikio wa kupumua, kwa hiyo mwenye tatizo hili asimeze kabla hajapimwa. Miguu inayowasha au kutaka kusogezwa kila ukijilaza inaweza kutokana na upungufu wa madini ya chuma. Kuamka mara nyingi kukojoa kunaelekeza kwenye kisukari, tezi dume, au kidonge cha kupunguza maji mwilini kinachomezwa jioni badala ya asubuhi. Kuamka saa tisa usiku kila siku ukiwa na huzuni nzito na kukata tamaa ni dalili ya sonona, na hapo kinachotibiwa ni sonona.

Usisahau kumwonyesha daktari dawa zote unazotumia. Prednisoloni ikimezwa jioni hukesheza. Baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hufanya hivyo pia, na mara nyingine kuhamishia dozi asubuhi kunatosha. Sema ukweli kuhusu miraa, vinywaji vya kuongeza nguvu na kahawa. Kahawa chungu ya barazani baada ya Isha ina raha yake, lakini nusu ya kafeini yake bado inazunguka mwilini masaa 5 hivi baadaye.

Hatua ya 2: Ijue dawa kwa jina lake

Famasi nyingi hukata vidonge kutoka kwenye paketi kwa mkasi na kuvitia kwenye bahasha ndogo iliyoandikwa "1×1" bila jina. Ukipewa hivyo, rudisha. Omba jina la dawa, miligramu zake na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kwa mpango huu jina ni kila kitu, kwa sababu dawa za usingizi hazifanani hata kidogo katika muda zinaokaa mwilini.

Zolpidemu, ambayo wengine huijua kwa jina la Stilnox, hupungua nusu mwilini kwa masaa 2 na nusu hivi. Zopikloni huchukua masaa 5 hivi, na humwachia mtu uchungu wa chuma mdomoni asubuhi. Hizi mbili ndizo zinazofaa zaidi kutumiwa kwa siku chache, kwa kuwa siku ya mapumziko inakuwa ya mapumziko kweli: kufikia usiku unaofuata dawa imekwisha kwa sehemu kubwa.

Diazepamu, Valium ya zamani, ni jambo jingine. Yenyewe na mabaki yake hukaa mwilini kwa siku kadhaa. Anayeimeza Jumatatu, Jumatano na Ijumaa anajiona ana siku tupu, kumbe damu yake haijawahi kuwa tupu. Dawa inarundikana, asubuhi kichwa kinakuwa kizito, na mwili unazoea kimyakimya. Kwa maoni yangu diazepamu haina nafasi katika mpango wa siku chache kwa mtu mwenye kukosa usingizi sugu, ingawa ndiyo inayopatikana kirahisi katika hospitali zetu nyingi. Ukiandikiwa, uliza kwa adabu kama kuna mbadala wa muda mfupi.

Piriton na Phenergan ni dawa za mzio ambazo watu wengi huzimeza ili walale. Usingizi wake ni athari ya pembeni, na mwili huizoea baada ya siku chache tu. Kwa wazee huleta mkanganyiko, mkojo kuzuilika na kinywa kukauka. Amitriptilini huandikwa sana kwa dozi ndogo, lakini ushahidi wake kwa kukosa usingizi peke yake ni hafifu, na ikimezwa nyingi kwa mkupuo huvuruga mapigo ya moyo na inaweza kuua. Melatonini husaidia zaidi kurekebisha saa ya mwili, kwa mfano baada ya safari ndefu ya ndege. Mwongozo wa Akademia ya Tiba ya Usingizi ya Marekani wa 2017 haukuipendekeza kwa ugonjwa huu. Wasomaji walioko Ulaya na Marekani wanaweza kuandikiwa kundi jipya linalozuia oreksini, kemikali ya ubongo inayomfanya mtu awe macho, kama suvoreksanti iliyoidhinishwa Marekani 2014. Hizo zina taratibu zake, mfuate daktari wako.

Kuna watu ambao mpango huu si wao: mjamzito na anayenyonyesha, mwenye ugonjwa mkali wa ini au wa mapafu, mwenye historia ya ulevi au uraibu wa dawa, anayetumia dawa kali za maumivu kama morfini au tramadoli, na mtu aliyewahi kutembea, kupika au kuendesha gari akiwa usingizini. Hili la mwisho ni zito kiasi kwamba mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru onyo kali zaidi liwekwe kwenye karatasi ya zolpidemu na ndugu zake. Mzee wa zaidi ya miaka 65 asianze bila daktari kupima hatari ya kuanguka. Nyonga iliyovunjika usiku wakati wa kwenda msalani ni gharama kubwa kuliko usiku wowote wa kukesha.

Anayetibiwa kifua kikuu ajue kwamba rifampisini hupunguza sana nguvu ya zolpidemu. Jibu lake si kuongeza vidonge. Ketokonazoli ya kumeza hufanya kinyume chake: huongeza dawa damuni.

Hatua ya 3: Wiki mbili za shajara, bila kidonge

Nunua daftari la kawaida. Kila asubuhi, baada ya kuamka, andika mambo sita: saa uliyopanda kitandani, saa uliyosinzia kwa makadirio, mara ulizoamka, jumla ya muda uliokaa macho, saa ya kuamka mara ya mwisho, na saa uliyotoka kitandani. Usiangalie simu usiku kupata dakika kamili. Makadirio yanatosha, na kuangalia saa kila mara ni sehemu ya ugonjwa.

Tuseme mwalimu wa sekondari anapanda kitandani saa tatu usiku ili "awahi usingizi" na kutoka saa kumi na mbili asubuhi. Yuko kitandani masaa 9. Shajara inaonyesha kwamba kwa wastani analala masaa 5 na nusu. Gawanya 5.5 kwa 9, zidisha kwa 100: asilimia 61. Mtu anayelala vizuri huwa juu ya 85. Mwalimu huyu hana upungufu wa kitanda, ana kitanda kingi mno. Masaa 3 na nusu kila usiku yanamfundisha ubongo wake kwamba kitandani ni mahali pa kuwaza.

(Kama tayari unameza kila usiku, usiache ghafla ili uandike shajara. Andika ukiwa unaendelea, kisha ruka hadi Hatua ya 7.)

Hatua ya 4: Anza mafunzo kabla ya dawa

Chuo cha Madaktari cha Marekani mwaka 2016, na wataalamu wa Ulaya mwaka uliofuata, waliweka tiba ya fikra na mwenendo, yaani mafunzo ya usingizi niliyoyataja juu, kuwa ya kwanza kwa kukosa usingizi sugu, mbele ya dawa zote. Wataalamu wake ni wachache kwetu, lakini viini vyake viwili mtu anaweza kuvifanya nyumbani.

Kiini cha kwanza ni kubana muda wa kitandani. Chukua wastani wa usingizi kutoka kwenye shajara, ongeza nusu saa, na hicho ndicho kipimo chako. Kisiwe chini ya masaa 5 na nusu. Mwalimu wetu anapata masaa 6. Anaamka saa kumi na moja na nusu alfajiri kila siku, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, kwa hiyo anapanda kitandani saa tano na nusu usiku, si kabla. Kila wiki anapiga hesabu upya. Akifikia asilimia 85 anaongeza dakika 15, yaani anapanda saa tano na robo. Akiwa chini ya 80 anapunguza dakika 15 bila kushuka chini ya kima. Kati ya hapo anabaki palepale.

Wiki ya kwanza na ya pili ni ngumu. Utasinzia saa mbili usiku mbele ya taarifa ya habari na itabidi usimame, uoshe vyombo, upige pasi sare za watoto. Usingizi huo mzito wa jioni ndio dawa inayojikusanya. Dereva wa basi au wa lori, mwendesha bodaboda, mwenye kifafa na mwenye ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka wasibane muda hivi bila usimamizi.

Kiini cha pili kiliandikwa na mwanasaikolojia Richard Bootzin mwaka 1972 na bado hakijapitwa. Kitanda ni cha kulala na cha tendo la ndoa tu. Simu, hesabu za vikoba na mazungumzo ya ada za shule vibaki sebuleni. Ukihisi kama dakika 20 zimepita hujalala, toka kitandani. Anayeishi chumba kimoja na familia anaweza kukaa kwenye kiti au mkeka pembeni, taa ikiwa hafifu, akafanya jambo lisilochangamsha: kuvuta uradi, kusoma kitu cha zamani. Rudi pale tu macho yanapofumba yenyewe. Rudia mara nyingi kadiri itakavyohitajika.

Fanya haya wiki 2 au 3 kwanza. Wapo watakaogundua kwamba hawahitaji kidonge tena, na hapo mwongozo huu umekwisha kwao.

Hatua ya 5: Panga kalenda ya vidonge na daktari

Nenda na daftari lako kliniki. Daktari akiona namba za wiki 4 au 5 ataamua kwa haraka na kwa uhakika zaidi kuliko akisikia "silali kabisa, daktari". Ombeni pamoja mpango wenye mwisho. Mfano wa wiki 8 ni huu: wiki 3 za mwanzo, siku tatu kwa wiki (Jumapili, Jumanne, Alhamisi); wiki 3 zinazofuata, siku mbili (Jumapili na Jumatano); wiki 2 za mwisho, siku moja. Jumla ni vidonge 17. Omba viandikwe 17, si 30 "vya akiba". Akiba ndiyo huanzisha safari nyingine. Nchi na hospitali hutofautiana. Uingereza kwa mfano dawa hizi huruhusiwa kwa kawaida hadi wiki 4, na kitabu chao cha dawa kinashauri kuruka baadhi ya siku. Daktari akikupa mpango mfupi kuliko huu, ufuate.

Siku zisifuatane. Sababu ya kuanza Jumapili ni kwamba kwa wengi huo ndio usiku wa wasiwasi wa juma jipya, lakini ukishaichagua usiibadilishe. Hata kama Jumapili hiyo umechoka kwa harusi na unaona ungelala tu, fuata kalenda kwa wiki za mwanzo. Na hata kama Jumatatu ni mbaya kiasi gani, usikope kidonge cha Jumanne. Unapotaka sana kubadilisha, ndipo mpango unapofanya kazi yake.

Dozi ni ya chini kabisa inayosaidia. Kwa zolpidemu ya kawaida ni miligramu 5 kwa wanawake, na 5 kwa wanaume pia mwanzoni, ingawa daktari anaweza kumwandikia mwanamume 10. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipunguza nusu kipimo cha wanawake baada ya kuona dawa inabaki nyingi damuni mwao asubuhi. Boksi la zamani au daktari aliyezoea 10 kwa kila mtu wakumbushwe hilo. Zopikloni huanza na 3.75, hasa kwa mzee. Kiasi kisipotosha, rudi kliniki, usimeze nyongeza.

Mwezi wa Ramadhani si wakati wa kuanza. Tarawehe inasogeza kulala, daku inakuamsha saa tisa au kumi usiku, na kidonge kilichomezwa saa tano hakijamaliza kazi yake. Subiri Shawwal.

Hatua ya 6: Siku ya kidonge na siku tupu

Siku ya kidonge, chakula cha usiku kiwe mapema na kisiwe kizito, kwani tumbo lililojaa huchelewesha zolpidemu na kukufanya udhani haifanyi kazi. Pombe hakuna, hata bia moja, mchana wala jioni. Maliza shughuli zote: funga milango, teremsha chandarua, nenda msalani, weka kengele ya simu. Kisha meza na ujilaze papo hapo. Anayemeza halafu akaenda kuzima jiko au kujibu ujumbe anaweza kufanya mambo asiyoyakumbuka asubuhi.

Hapa kuna mgongano ambao watu wengi hawauoni. Zolpidemu inahitaji masaa 7 hadi 8 ya kulala mbele yako, na muda wako uliobanwa huenda bado ni masaa 6. Kwa hiyo siku ya kidonge muda unafunguliwa kwa kuwahi kulala, si kwa kuchelewa kuamka. Mwalimu wetu anameza saa nne usiku na kuamka saa kumi na moja na nusu kama kawaida: masaa 7 na nusu. Asishike pikipiki wala usukani kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, masaa 8 yatakapokuwa yametimia, na kama bado anahisi uzito apande daladala. Siku hizo aziwekee alama kwenye daftari na asizitie kwenye hesabu ya asilimia. Hesabu ya kuongeza dakika 15 itokane na siku tupu peke yake.

Ukiamka saa nane usiku ya siku ya kidonge, usimeze kingine.

Siku tupu ndizo zenye mafunzo. Usiku wa kwanza baada ya kidonge unaweza kuwa mbovu kidogo kuliko kawaida yako ya zamani. Ni mwili kurudi kwa kishindo baada ya dawa kutoka, hutokea kwa baadhi ya watu na hupita baada ya usiku mmoja au miwili. Wengi huusoma vibaya usiku huo: "Unaona, bila dawa siwezi." Andika kwenye daftari mapema, kwa wino, maneno yako mwenyewe yanayokukumbusha hilo, uyasome siku hiyo. Fuata sheria za kitanda kama kawaida, toka ukishindwa, amka saa ileile. Mchana unaofuata usilipize kwa kulala. Ukizidiwa, dakika 20 kabla ya saa tisa alasiri zinatosha.

Mwenzi wako ajue kalenda. Wapo wanaosema kwa huruma, "Meza tu leo, umechoka sana," na huruma hiyo inavunja kazi ya wiki. Mweleze kabla, na mwombe pia akuambie akikuona umeamka na kufanya jambo la ajabu usingizini. Ikitokea hata mara moja, dawa inasimama moja kwa moja na daktari anaarifiwa.

Hatua ya 7: Kwa anayemeza kila usiku tayari

Usihamie siku tatu kwa wiki ghafla. Aliyetumia diazepamu, lorazepamu au ndugu zake kila siku kwa wiki nyingi akikata kwa mkupuo anaweza kupata kutetemeka, mapigo ya moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa, na hata degedege. Hili halina mjadala.

Njia ni kushusha dozi kwanza, siku baadaye. Ukiwa bado unameza kila usiku, daktari anapunguza kati ya asilimia 10 na 25 kila baada ya wiki 2, akienda polepole zaidi mwishoni. Kwa zolpidemu ya miligramu 10 maana yake ni kufikia 5 kwa hatua hizo, si kwa mkupuo. Ukishatulia kwenye dozi ndogo, ingiza siku tupu moja kwa wiki, na hapa tu chagua iliyo rahisi, kama Ijumaa ikiwa Jumamosi huna kazi. Kisha mbili zilizoachana, kisha tatu, hadi ukutane na kalenda ya Hatua ya 5. Miezi 3 au 4 kwa safari hii si mingi. Mtu aliyetumia kwa miaka asijilinganishe na aliyetumia kwa mwezi.

Wakati wa kusimama na kurudi hospitali

Rudi kabla ya siku ya miadi ukiona unameza nje ya kalenda mara mbili mfululizo, unaongeza dozi, unanunua famasi ya pili, au unaanza kumeza mchana kutuliza wasiwasi. Rudi siku hiyohiyo ukianguka usiku, ukisahau mambo uliyofanya, ukipata shida ya kupumua, au mawazo ya kujidhuru yakikujia. Kwa hili la mwisho mkabidhi mtu mwingine vidonge sasa hivi, kisha mwende pamoja.

Usigawe kidonge kwa jirani anayelalamika kuwa halali, hata kwa nia njema. Anayesafiri kwenda Oman, Falme za Kiarabu au nchi nyingine ya Ghuba ajue kwamba zolpidemu na diazepamu zimo katika orodha ya kimataifa ya dawa zinazodhibitiwa. Aulize ubalozi, apate kibali kinachohitajika kabla ya safari, na abebe dawa ndani ya boksi lake pamoja na cheti chenye jina lilelile la pasipoti.

Wiki ya 8 ikiisha, endelea na shajara kwa wiki 4 zaidi na saa ileile ya kuamka. Wiki mbaya zitakuja: msiba, mtihani, mtoto mgonjwa. Zikija, bana tena muda wa kitandani kwa dakika 30 kwa wiki moja kabla ya kufikiria cheti kingine. Vidonge vilivyobaki, kama vipo, virudishe famasi ulikovichukua wakaviteketeze.